Udongo wa Kanisa Kuu

Jumatatu, 3 Machi
Nimepiga deki kripti, kile chumba cha mawe chini ya kanisa kuu. Ninapodeki mimi, hata askofu huinua kanzu.

Shemeji Paulina kapiga simu kutoka Moshi. Anataka udongo wa kaburi la Kaka Elia. Kiganja kimoja tu, wamalize matanga.

Nimekwisha. Mwaka mzima namwambia mumewe kalala huku kripti, katikati ya maaskofu. Nilinogesha: nguzo zilibebwa na jitu moja, mawe yakaungwa kwa maziwa ya ng'ombe elfu. Kumbe kaka yuko chumbani kwangu Ilford, huku huku Ulaya, chini ya kitanda changu, ndani ya kopo la plastiki. Gharama ya kumsafirisha ilinishinda, wakamchoma akawa majivu. Kwetu mtu hachomwi.

Jumanne, 4 Machi
Nimetafuta udongo. Jiwe juu, jiwe chini. Nikamuuliza Bi Margaret, mama anayetembeza wageni, maaskofu wamelala upande gani.

Hawapo, kasema! Mafundi walikufa kabla ya kuona paa, wajukuu wakamalizia. Mfalme mmoja akafukuza watawa. Kripti ikawa stoo ya makaa, mifupa ikahamishwa. Wapi?
"Hakuna ajuaye, mpenzi."

Wakubwa wale, na mawe yote haya, wamepotea. Sembuse Elia fundi baiskeli.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi
Foleni mpaka mlangoni. Padri anawapaka majivu kwenye paji la uso. Wenye suti. Mabibi wenye lulu. Hakuna aliyeyaogopa.

Nimejificha nyuma ya nguzo na ufagio wangu. Nimelia. Mimi, niliyempiga chui kofi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefungua kopo kwa mara ya kwanza. Nimemmimina kaka, majivu yote, kwenye mkebe wa majani ya chai. Mama Neema wa kanisani kwetu anasafiri kesho kwenda Moshi. Nimemwambia ni udongo wa maaskofu, aupakate.

Jumapili, 16 Machi
Wamezika mkebe migombani, kando ya mama yetu. Wameimba mpaka jioni, kisha Paulina kapiga simu.

"Shemeji, mbona udongo wa Ulaya mwepesi hivyo? Nami niliomba kiganja, umeleta mkebe mzima!"
"Wa zamani sana huo, shemeji."
"Nawe watakulaza huko huko?"
"Nafasi yangu ipo tayari. Karibu na dirisha."

Akacheka. Siku nyingi hajacheka.

Hatajua. Hakuna wa kumwambia.

Kopo nimelisuuza, nikalirudisha chini ya kitanda, karibu na dirisha.