Divai ya Samaki, na Mama Mkwe Asiyejua

Mpendwa Nyanya Kevina, nisaidie, maana nimeingiza uongo nyumbani na sijui nitautoaje, mimi ni mkamwana hapa mtaa wa Atlabara, nilikulia ukimbizini Eldoret, nikarudi kwetu mwaka nchi yetu ilipopata uhuru nikapata kazi ya kuwapikia wageni wa mashirika kule mtaa wa Thongpiny, na walipoondoka kwa ndege wakati wa mapigano ya Desemba waliniachia katoni ya divai, na kwa kuwapikia nilishajifunza ipi inakwenda na chakula gani. Sasa mama mkwe alikuwa hali chakula, Nyanya, tangu simu ya mwanawe Biar, shemeji yangu, ilipozimika huko Bor kwenye mapigano, anashika tonge la asida analirudisha, wiki tatu, mpaka nguo zinamvuka, basi siku moja nikapika samaki wa njugu, nikapoza divai nyeupe ndani ya mtungi, nikammiminia kwenye kikombe cha chai nikasema, "Mama, ni maji ya zabibu." Akanywa kidogo, akala samaki, akanywa tena, akatulia, akaniuliza, "Binti yangu, samaki huyu ametoka mto gani?" Nyanya, alikula mpaka kichwa, akafyonza mifupa! Nilisimama na mwiko mkononi kama niko kanisani. Kesho yake nikampa nyekundu kwa nyama ya mbuzi, akala, akaanza kumtaja Biar kwa jina. Lakini yeye ndiye kiongozi wa akina mama kanisani, ndiye anayewafukuza wanaopika pombe, na sasa amewaalika wenzake kumi na wawili Jumapili ya mwisho wa mwezi, waje waonje maji ya mkamwana wake. Nikisema ukweli ataacha kula tena. Nifanye nini?

Mkamwana, Atlabara

Wewe mtoto, nimesomewa barua yako mara mbili, na pale pa kichwa cha samaki nikataka parudiwe. Mimi sikukaa darasani, lakini nimewachomea madereva wa malori mbuzi hapa Nesitu, kando ya barabara, miaka minane, kwa nyama sifundishwi na mtu. Halafu dereva mmoja, Waiswa, akanimiminia divai nyekundu nikila mbavu nilizochoma mwenyewe. Nikamsogezea kikombe aongeze. Mimi! Nyama yangu mwenyewe ilikuwa kama sijawahi kuionja. Kwa hiyo huyo mama namwelewa kabisa.

Tena umeona jambo kubwa, usilichukulie mchezo. Nimezika watoto wawili, najua mdomo unavyofungwa na huzuni. Wa kwake umefunguka.

Lakini uongo wako ni wa kijinga! Mwanamke mzima unamnywesha kama mtoto anayekataa dawa? Unataka wale kumi na wawili watoke hapo wakiyumba, wamcheke maisha yake yote? Heshima yake ndiyo pekee ambayo vita havijaigusa, na wewe ndiye unayeichezea.

Mwambie leo, mchana, mkiwa wawili, kabla hujawasha mkaa. Itaje kwa jina: divai. Usiseme "kidogo tu", usiseme "hata wazungu wanakunywa". Kunywa au kuacha ataamua mwenyewe. Wageni wapikie samaki yuleyule, uwape karkade baridi, ile juisi nyekundu ya maua, yenye limau, nayo inakwenda vizuri, nimejaribu. Akikasirika, akikutupia kikombe, kiokote ukioshe. Kisha mpakulie, ukae karibu naye, na usiinuke mpaka ale.