Majibu Mawili ya Sumaku Moja

Shikamoo Mama,

Goti linaendeleaje? Umeacha kupanda ngazi, au bado unabishana na daktari? Sisi wazima wa afya, ila mimi roho haitulii. Naandika mstari, nasimama, nachungulia dirishani, narudi. Mwandiko usiucheke.

Uliuliza kwa nini mimi na mkwe wako tumenuniana. Hatujagombana, Mama. Kazini tumeshindanishwa, jamani, na kitengo kitakachoshindwa kitafungwa! Sote tunatafuta jinsi vijisumaku visivyoonekana kwa macho vinavyovutana ndani ya madini. Yeye ana kompyuta ya kwanta, ile inayokaa kwenye baridi kali. Ina mbio, maana tabia yake na ya vijisumaku ni moja, lakini joto kidogo tu huikosesha. Zangu ni kompyuta za kawaida. Haziyumbi, ila kila kijisumaku kikiongezeka kazi inakuwa maradufu, kwa hiyo mivutano dhaifu huwa tunaiacha ili hesabu ipate kuisha.

Kwa mafungu madogo ya vijisumaku majibu yetu yalifanana. Kwa fungu kubwa yakaachana kabisa. Mkuu wetu wa kazi akasema mashine ya mkwe wako inapayuka tu, kitengo chake kifungwe. Wenzangu wakapiga makofi. Yeye alirudi nyumbani akasema hana njaa, akaanza kutengeneza bomba la jikoni ambalo wala halikuwa bovu.

Nikashindwa kuvumilia. Nikachukua fungu la kati, ambalo majibu yetu yalikuwa yameanza kuachana lakini kompyuta zangu zingelimudu, nikarudia hesabu bila kuacha mvutano hata mmoja. Lo! Jibu likawa lilelile la mashine yake. Ile mivutano tuliyoidharau, haba na haba, ndiyo iliyotupotosha. Na wa kumtetea ni mimi peke yangu, maana mashine yake haiwezi kujishuhudia yenyewe.

Sasa nikwambie ambalo hata yeye sijamwambia. Asubuhi hii nimempelekea mkuu hesabu hiyo. Kitakachofungwa ni kitengo changu. Nimeumia, sikufichi, na nimefurahi vilevile, ndiyo maana kiti hakikaliki.

Mkuu atatangaza wiki ijayo. Mkwe wako atakupigia simu, atapiga kelele mpaka uisogeze mbali na sikio. Jifanye hujui kitu, mpigie vigelegele. Akimaliza, mwambie anipe simu, uniulize kama nimekula.

Msalimie Baba, na ngazi uziache.

Ni mimi,
Kitindamimba wako