Mara Hii Nakuja Kuwaona

4 Februari

Kitinda mimba wangu,

Hujambo, na mjukuu wangu, Bi Mdogo wetu, hajambo? Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kupanda ndege kwenda na kurudi bila kuona hata barabara ya kwenu.

Najua ulisimama upande wa pili wa mlango pale uwanja wa ndege na koti langu mkononi, hakuna aliyekwambia kitu. Basi nikusimulie. Afisa wa uhamiaji alifunua pasipoti yangu akawa anapekua mihuri. Akaniuliza, mkalimani akitafsiri, "Mama, viza yako ni ya utalii. Kila ukija unakaa mpaka siku za mwisho, unatoka kidogo, unarudi. Umetalii wapi?"

Nikafikiri. Nikamwambia napajua sokoni, napajua kwa daktari wa watoto, nakijua kituo cha basi cha hospitali anakofulia mwanangu mashuka. Mkalimani alijikohoza kuzuia kicheko. Afisa hakucheka. "Huyu si mtalii," akasema. "Huyu anaishi hapa."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi jembe nilishalishika zamani.

Hakunifokea. Alinipa maji, nikakaa kwenye chumba cha viti vya plastiki mpaka ndege ya kurudi. Nikasikia mtoto analia nje, nikadhani ni mjukuu wangu. Alikuwa yeye?

Mama yako

19 Februari

Shikamoo Mama,

Pole kwa miguu. Sisi tupo, tunasukuma siku. Ndiyo, alikuwa yeye. Alilia mpaka nyumbani, na tangu siku ile akilishwa na jirani anafumba mdomo. Zamu yangu inaanza alfajiri, namwacha bado ana usingizi. Baba yake tangu tuachane hata salamu hatumi. Bila wewe nimekatika mkono.

Mwenzangu hapa kazini anasema mjomba wake yalimkuta hayo hayo. Alichukua pasipoti mpya isiyo na mihuri, akaingilia mpaka mwingine. Mama, fanya hivyo. Nitakulipia hoteli kwa jina tu. Ukiulizwa kama una ndugu huku, sema huna.

Mwanao

10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Namshukuru Mungu kwa uzima wenu.

Niseme sina ndugu, na nje ya mlango kuna mtoto anaita "Bibi"? Ulimi wangu hautafika huko. Halafu wakinigundua, si mimi tu nitakayefungiwa, hata wewe wataanza kukuchunguza.

Na kuna jingine. Nilipofungua nyumba nilipokelewa na harufu ya vumbi. Cherehani imeshika kutu, wateja wangu wamehamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Shoga yangu akaniuliza, "Umekuja kututembelea?" Huko naambiwa naishi, hapa naambiwa nimehama. Nimekaa kitandani nikajiuliza kwangu ni wapi.

Usiwaulize wenye ujanja. Waulize wanaoijua sheria.

Mama yako

22 Agosti

Shikamoo Mama,

Natumaini u mzima na mgongo umetulia. Sisi wazima.

Nilinuna, ndiyo maana nikanyamaza. Niliona umeichagua cherehani, ukaniacha mimi. Hatimaye nikaenda kwa mwanasheria mmoja, mama mtu mzima, anasaidia wageni. Akanieleza kwamba kurudishwa si kupigwa marufuku. Ila usifiche chochote. Acha muda upite, kisha uombe viza upya ubalozini, uwaambie mwenyewe kwamba uliwahi kurudishwa na kwa nini. Waonyeshe nyumba yako na kazi yako. Omba siku chache, na tarehe utakayotaja uitimize. Hata hivyo, akasema, afisa wa mlangoni ndiye mwenye neno la mwisho.

Kisha akaniuliza, "Unataka mama yako akutembelee, au akulelee mtoto? Maana hiyo ya pili si utalii." Akanisogezea chai.

Nimebadilisha zamu. Bi Mdogo anakwenda chekechea ya kutwa. Wiki ya kwanza alinipiga mateke, sasa ana rafiki wa kung'atana naye. Njoo ututembelee, Mama.

Mwanao

3 Desemba

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na salamu tele. Cherehani inanguruma tena, nashona sare za shule mpaka vidole vinalia. Ubalozini niliwaeleza yote. Wamenipa wiki mbili. Nikifika, usinipe sufuria.

Mama yako

20 Januari

Mwanangu,

Nimefika nyumbani salama. Najua umeninunia tangu tulipotoka kwako kwenda uwanja wa ndege. Acha niseme mimi.

Siku ile ya kuja walinipeleka tena chumba cha pembeni. Nikamwambia afisa, "Zamani nilikuja kulea, nikaita utalii. Mara hii nakuja kuwaona." Akakupigia simu, nawe ukajibu vilevile. Ndipo akagonga muhuri.

Na kweli tulionana. Miaka yote ile nilikuwa napokea mtoto mlangoni nawe unatoka. Safari hii tulikaa kando ya mto ukanisimulia habari za kazini mpaka mtoto akasinzia. Sikujua kama unachekesha hivyo.

Jioni ya mwisho ukaniambia, "Mama, baki. Mji wote huu, nani atakuona?" Nami nikaendelea kukunja nguo. Ukadhani nina moyo wa jiwe.

Afisa wa mlango wa kutokea alitazama tarehe, akagonga, akanirudishia pasipoti bila kuinua uso. Hilo ndilo nililolitaka, asiwe na sababu ya kunikumbuka. Nilipofika mahali ambapo huwezi kuniona tena, nilikaa kwenye benchi nikalia, mpaka mwanamke mfagiaji akaniletea karatasi za kujifutia.

Mwezi wa saba nitaomba tena. Mwambie Bi Mdogo.

Mama yako