Nilifunga Laini ya Dispensari, Lawama Zikamwangukia Tata Stany

Mpendwa Mama Tshiela, naomba msaada wako, na ukisoma barua hii redioni uniite tu Marlène wa Manika, maana jina langu la kweli wenzangu wa kazi watalitambua. Mimi ni fundi wa santrali, ile mashini inayounganisha simu zote, katika kampuni moja ya mgodi hapa kando ya Kolwezi, mwanamke peke yangu kati ya mafundi, na kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta na kuiandikia santrali amri, nikitaka kujua hali ya laini naandika amri inaniambia iko huru, iko kazini au imefungwa, na nikitaka kuipima vizuri naifunga kwanza, napima, kisha naifungua. Kufungua ni lazima niandike mwenyewe, mashini haifungui kitu kwa huruma.

Basi Jumanne moja walilalamika kwamba laini 214 ya dispensari ya mgodini inakwaruza, nikaifunga 11:20, nikapima, ikatoka safi, na kabla sijaifungua shefu, mkubwa wangu wa kazi, akaniita kwamba simu ya mkurugenzi imekufa, niache yote nikimbie, nikakimbia, na niliporudi nikaandika amri yangu ya kila siku ya kuonyesha laini zilizofungwa, ikatoka moja tu, 214. Ilikuwa 15:05. Nikaifungua, nikanyamaza. Kesho yake nikasikia kwamba mchana ule fundi wa magari, Merdi, alibanwa mkono na mtambo, wenzake wakapiga 214 mara sita wakakuta bip bip kama mtu anaongea, wakahangaika kutafuta pikapu, akachelewa, vidole viwili vikakatwa.

Sasa wanasema Tata Stany, mzee anayepokea simu pale dispensari, alikuwa anapiga domo na watu wake kwa simu ya kazi, na wamemsimamisha kazi. Ni shemasi wa kanisa letu, amebakiza miezi minane apate pensheni, na Jumapili alinikuta mlangoni pa kanisa akaniambia bila hasira, "Mama, mi nilikala karibu na ile telefone tangu asubui, haikulia ata mara moya. Weye unayua mashini, uniulizie." Ananiomba mimi, Mama Tshiela, mimi!

Santrali inaweka kumbukumbu ya kila amri, na jina langu na saa, lakini baada ya siku thelathini inajifuta yenyewe, na siku hizo zinatimia Alhamisi hii, na Tata Stany anahukumiwa Ijumaa mbele ya wakubwa wa kampuni. Mchumba wangu Sadrack, ambaye ni fundi mwenzangu, anasema, "Usifute kitu, usiseme kitu, mashini itajifutia. Ukisema, batasema: si tulisema mwanamuke hawezi." Moyo unataka niseme, miguu inakataa. Nifanye nini?

*

Marlène mwanangu, pole. Sasa nisikilize.

Mambo ya santrali mimi siyajui, lakini barua yako nimeielewa: ulifunga mlango ukaondoka na ufunguo, na sasa wanamgombeza mlinzi kwa nini hakufungua. Kusahau kunampata yeyote aliyeitwa huku na huku kwa mara moja. Kwa hilo sikuchapi. Nakuchapa kwa maneno yako mwenyewe, "nikaifungua, nikanyamaza," na kwa Jumapili zote ulizomsalimia mzee huyo ukijua.

Unasema hujui ufanye nini. Si kweli. Umeniandikia 11:20, umeniandikia 15:05. Mtu anayetaka kusahau hashiki dakika.

Sadrack anakupenda, sawa, lakini shauri lake ni bovu. Mashini itajifutia, na Merdi je? Yeye atakumbuka kila akifunga vifungo vya shati. Na hilo la "mwanamke hawezi", aliyesahau ni Marlène, si wanawake wote wa mkoa wetu wa Lualaba. Usijifiche nyuma yao. Mficha uchi hazai.

Leo hii, kabla hujala, itoe ile kumbukumbu kwenye karatasi, nakala tatu: ya shefu, ya sendika, chama chenu cha wafanyakazi, na moja ubaki nayo, maana karatasi za ofisini zina miguu. Shefu aliyekuita ukimbilie simu ya mkurugenzi, mtaje pia, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Lakini kabla yake nenda kwa Tata Stany, asisikie kwa watu. Usibebe zawadi, wala usilie mpaka yeye ndiye akubembeleze. Mwambie, "Tata, ni miye nilifunga." Akikasirika, mwache, ni haki yake. Kwa Merdi nenda na mama yako, usiende peke yako. Na pale kazini udai sheria mpya: laini ya dispensari isifungwe bila anayeipokea kuambiwa, na isihesabiwe imefunguliwa mpaka yeye aitikie.

Wanaweza kukufukuza, sikufichi. Utaumia. Ila kanisani utapita mlango uleule anaosimama Tata Stany, na hutainamisha kichwa.

Na wakimrudisha, popote utakapokuwa, wa kwanza kumpigia 214 uwe wewe. Usitosheke na mashini kusema laini iko huru. Ngoja mpaka usikie mzee mwenyewe anasema alo.