Jumatatu za Ramadhani

Jumatatu, 6 Februari 1961

Nimerudi spitali sasa hivi. Siwezi hata kukaa sawasawa. Kile chuma cha kuzibulia njia ya mkojo! Kimeingia chote, na Ngwali kanishika mabega ananiambia, "Vuta pumzi, Maalim, vuta pumzi." Ngwali ni dresa, msaidizi wa daktari. Kila alfajiri huswali nyuma yangu, safu ya kwanza. Leo kaniona nilivyozaliwa.

Daktari wa Kizungu anafanya uchunguzi wa wanaume tuliozibwa njia ya mkojo. Tumejaa benchi zima, kila mtu anatazama ukuta. Anataka kujua kinachotuziba ni kichocho cha mabondeni au ni kisonono. Basi akaniuliza kama nimepata kuugua kisonono. Ngwali ndiye mfasiri. Kalifasiri swali huku anatazama dirishani. Nikasema hapana. Haki ya Mungu hapana! Lakini ukishaulizwa tu, umekwisha kupakwa matope.

Halafu nikakojoa kwenye gilasi yao. Umetoka mfululizo, bila ya kukatika — kama wa mtoto. Nilitaka kulia.

Jumatano, 8 Februari

Nimeswalisha siku mbili na kitambaa kikavu. Mwezi uliopita nilikuwa nikienda sijida na roho yangu iko kwenye kikoi: limeshuka tone, halijashuka? Na harufu je? Aliye nyuma yangu anasikia?

Vuai, mtoto wa dada yangu, ndiye naibu wangu msikitini. Nilimwachia isha moja tu nilipokuwa mgonjwa, na watu wakatoka wanachekacheka, wamefurahi kwa wepesi wake. Leo nimemkaripia. Nimemwambia anasoma kama mtu anayefukuzwa na ng'ombe. Kanijibu kwa adabu, "Watu nao wachoka, mjomba." Ati wanachoka! Sauti anayo, hilo siwezi kumnyima. Nikimwachia mihrabu Ramadhani moja, siipati tena. Najua kabisa.

Jumatatu, 13 Februari

Chuma tena. Daktari anasema njia yangu ni nyembamba mno, na kisipopita kila Jumatatu itajifunga. Atakayekosa mara mbili anatolewa kwenye uchunguzi. Wako wengine wanangoja nafasi.

Nikamwambia Ngwali amweleze kuwa Ramadhani imefika. Kitu kikiingia kwenye tundu la mwili mchana, saumu imebatilika. Ndivyo nilivyosoma, na ndivyo ninavyosomesha. Haiwezekani usiku? Haiwezekani, usiku yeye hafanyi kazi. Halafu akauliza, mgonjwa si ana ruhusa ya kutofunga? Mzungu ananisomesha dini yangu! Ruhusa ipo. Mwaka jana Mzee Nyange alipodhoofika, mimi mwenyewe nilimrudisha nyumbani akanywe uji, nikamwambia asione haya. Kumwambia Nyange ilikuwa rahisi.

Alkhamisi, 16 Februari

Mwezi uliandama jana. Msikiti ulijaa mpaka barazani. Nimeswalisha rakaa ishirini za tarawehe, zote, na kitambaa kikavu. Alhamdulillahi.

Jumatatu, 20 Februari

Sikwenda. Nilivaa kanzu, nikatoka kwetu Tibirinzi, nikafika mpaka kwenye njia ya spitali, nikakata kuelekea sokoni. Nikarudi na mihogo. Mke wangu Mwanawema kashangaa: mihogo mbona imo tele ndani?

Ijumaa, 24 Februari

Unatoka kama uzi. Najikamua muda mrefu mpaka watu wanagonga mlango wa choo cha msikiti.

Ngwali kanisubiri baada ya swala. Kanambia daktari kaona mayai ya kichocho kwenye mkojo wangu. Kichocho! Basi nimesafika. Lakini nikamtangazie nani? Nipande juu ya mimbari?

Halafu akasema kwa sauti ya chini, "N'takuja kwako, Maalim, baada ya tarawehe. Chuma n'nacho, n'takichemsha pale pale jikoni." Jikoni kwa Mwanawema! Na majirani wamejaa uani kwetu mpaka wakati wa daku. Wamwone dresa anachemsha chuma, wasiulize cha nini? Mwanawema mwenyewe anafua vitambaa vyangu tangu mwezi uliopita. Najua anachofikiri. Nikamwambia Ngwali mimi mzima, asijisumbue. Kaubusu mkono wangu, kaenda zake.

Jumatatu, 27 Februari

Sikwenda. Basi jina langu limetolewa kwenye uchunguzi. Sasa ni tone, tone, na moto.

Alkhamisi, 2 Machi

Tangu adhuhuri hapana kitu. Hata tone. Nimefuturu tende moja na funda la maji, na hilo funda nalijutia. Chini ya kitovu pamekuwa pagumu kama dafu. Nimekaa ukingoni mwa kitanda na daftari hili kwa kuwa nikilala ni maumivu, nikisimama ni maumivu. Naogopa. Wallahi naogopa.

Jua limekwisha kuchwa. Sasa chuma ni halali! Nimecheka peke yangu, kucheka nako kumeniuma.

Vuai kaja mlangoni. "Mjomba, watu washapanga safu." Maneno yalikuwa yamenifika mdomoni: mwite Ngwali. Maneno mawili tu. Nikasema, "Anza weye, nakuja."

"U mzima, mjomba?"

"Nakuja, nimekwambia!"

Kaenda.

Msikiti uko mlango wa tatu kutoka hapa. Nimeisikia Amin yao. Miaka yote hii naisikia ikitoka mgongoni mwangu, sijapata kuisikia kutoka nje. Kumbe kubwa hivi!

Ngwali yumo mle, safu ya kwanza. Nimtume Mwanawema akapenye katikati ya wanaume wanaoswali? Aseme nini? Itabidi nimngoje. Rakaa ishirini, halafu witri.

Isha wamekwisha kutoa salamu. Sasa wanasimama kwa tarawehe. Namsikiliza Vuai. Leo hakimbii. Anavuta panapovutwa, anasimama panaposimamwa, kila herufi anaipa haki yake, taratibu, taratibu, vilevile nilivyomfunza.