Alama Kumi na Tatu kwa Baba wa Theluji

Jumapili, 1 Desemba

Misa ya kwanza, chai, kisha vidéo, ukumbi wa filamu wa Mzee Saidi. Kama kila Jumapili. Leo ameonyesha "Baba wa Theluji" kwa mara ya nne. Jina halisi la filamu hiyo hakuna anayelijua. Kaseti ilipita mpakani Kasindi bila boksi lake, na maandishi ya mwanzo hayasomeki. Sisi wa benchi la mbele ndio tunaobatiza filamu hapa Butembo.

Mwaka umebakiza wiki nne. Nina filamu tisa zenye alama na hii moja inayonisumbua. Natoa alama juu ya ishirini, kama dictée, imla ya darasani kwangu. Picha tano, wachezaji tano, hadithi tano, mwisho tano. Tarehe 31 naandika kumi bora kwa mwandiko wangu mzuri, nabandika karatasi kwenye mlango wa Mzee Saidi. Huu ni mwaka wa tatu. Watu huisubiri na kuigombania. Kindu kwetu sifiki, vita imekaa katikati, barua haziendi. Desemba bila ndugu ni ndefu, lazima mtu ajitafutie kazi.

"Baba wa Theluji" ni mzee mmoja anayemtafuta binti yake katika nchi ya baridi. Kwa miguu, siku nyingi. Mimi hutoka nimelia na sioni haya kuandika hivyo. Lakini kaseti imekatika. Mzee anakaribia kituo cha treni, picha inaruka, inakuja mistari, basi. Hapo Kambale anasimama.

Kambale ndiye mtafsiri wetu. Kiingereza alikipata Uganda alipokuwa akibeba mizigo. Anakaa kando ya televisheni na kusema sauti zote, za wanaume, za wanawake, hata za mbwa. Theluji anaiita "ile nyeupe ya juu ya Ruwenzori". Mwisho uliokatika anautoa kichwani mwake. Mzee anaingia kituoni, watu wamelala chini wamejifunika gubigubi, haoni uso hata mmoja. Anamtambua binti yake kwa kikohozi. Ukumbi mzima unapiga makofi.

Ni mwisho mzuri. Lakini si wa filamu, ni wa Kambale. Picha nne, wachezaji tano, hadithi nne, mwisho sifuri. Jumla 13. Nafasi ya sita.

Jumanne, 3 Desemba

Nilikosea kumwambia. Aliniuliza njiani, kama mwanafunzi anayeuliza matokeo yake, nikajibu ukweli.

"Mwalimu, miye njo namalizaka ile filamu kila siku, na weye unaiwekea zéro?"

Nikamweleza kwamba alama ni za filamu, si zake. Akasema mimi nasahihisha hata machozi yangu mwenyewe. Akaenda zake. Nimekasirika mpaka sasa, hasa kwa sababu alilisema vizuri.

Jumamosi, 7 Desemba

Hatusemeshani. Kwenye vidéo alitafsiri filamu ya Kihindi ya dada wawili. Kila mara mwalimu alipoonekana akampa sauti ya puani, ya kwangu. Watu wakavunjika mbavu. Nimeipa 11.

Habari mbaya kutoka upande wa Mangina. Wanasema batu wanakimbia, wengine kwa msitu. Kila wiki husemwa kitu, nimezoea kusikiliza nusu.

Jumapili, 8 Desemba

Ni kweli. Malori mawili yameshuka leo kutoka Beni yamejaa watu na magodoro. Mabalako, karibu na Mangina, imekimbiwa.

Binti yake Kambale yuko Mabalako. Anaitwa Masika, ana miaka saba. Tangu mama yake afariki anakaa huko kwa bibi yake. Kambale hana mtoto mwingine. Mtaani wanamwita Papa Masika, na mimi nilikuwa namwita hivyo kabla hatujagombana.

Leo hakutafsiri. Tuliangalia kungfu bila maneno. Wanajeshi wanaokuja kuangalia filamu waliondoka katikati. Sijatoa alama.

Jumatano, 11 Desemba

Bibi amefika. Peke yake. Nilikwenda kwa Kambale nilipozisikia habari, ugomvi nimeuacha mlangoni. Bibi alikuwa amekaa chini na miguu imevimba. Alisema risasi zilianza jioni wakiwa njiani, umati ukasukumana.

"Nilikuwa namushika. Alinitoka mu mukono."

Alilisema mara nyingi. Kambale hakumlaumu. Alikuwa anamkanda miguu kwa maji ya moto na chumvi. Nilikaa saa moja nikichochea moto wa maji.

Alhamisi, 12 Desemba

Jirani wa Mabalako amesema waliopita msituni wanatokea Mbau. Ameshaona ndugu zake huko. Kuna lori la mbao linakwenda moja kwa moja, kupitia Beni, mpaka Mbau Jumamosi asubuhi. Kambale amepata nafasi.

Ameniomba nimwandikie karatasi yenye jina la mtoto. Niliandika kwa herufi kubwa: MASIKA. Nilijivunia ule mwandiko.

Jumamosi, 14 Desemba

Furaha! Asubuhi nilipita dukani kwa Mzee Saidi. Shemeji yake, dereva, ndiyo kwanza ameingia kutoka Beni. Akasema kuna watoto waliokusanywa mu shule, mmoja wao ni Masika, mutoto ya Kambale, anangojea baba yake.

Sikuuliza la pili. Nilikimbia mpaka kwenye parking ya malori, kiatu kikanitoka. Lori la mbao lilikuwa limeshawasha. Nikapiga kelele: "Papa Masika! Yuko Beni! Mu shule!" Alinikumbatia kutoka juu ya lori, nusu aanguke. Atashuka Beni, hana haja ya Mbau tena.

Jioni nimefungua orodha. "Baba wa Theluji" nimeipandisha mpaka 15. Wakirudi nitamwambia.

Jumanne, 17 Desemba

Bado hawajafika. Barabara mbovu na mvua. Bibi amepika sombe, majani ya muhogo, ya kumpokea mtoto, imechacha, amepika nyingine.

Ijumaa, 20 Desemba

Nilizungumza na mama Kavira anayeuza maharage karibu na shule. Nilimsimulia habari ile njema. Akaacha kupima maharage.

"Masika ya Kambale gani, Mwalimu?"

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama mimi ninavyowaeleza watoto wa mwaka wa kwanza. Kwa Wanande, wenyeji wa hapa, binti wa kwanza ni Masika, na Kambale ni mtoto wa pili wa kiume. Kila nyumba ina Kambale wake, na kila Kambale aliyezaa binti kwanza ana Masika wake. Mtu wao anaposikia jina lazima aulize: Kambale wa nani, wa kilima gani, mama ni nani, mtoto ana alama gani.

Haya nilikuwa nayajua. Miaka mitatu naita majina darasani, nina Masika wanane katika daftari la mahudhurio. Nilijua na sikuuliza. Naogopa.

Jumapili, 22 Desemba

Kambale amerudi peke yake.

Masika wa Beni ana miaka kumi na miwili. Baba yake ni Kambale mwingine, fundi wa Alimbongo. Kambale wetu alizunguka shule moja baada ya nyingine siku mbili mpaka akampata huyo. Ndipo akatafuta njia ya kufika Mbau. Mbau, mwanamke mmoja muuza ndizi alimwambia kulikuwa na katoto kasiko na jino la mbele, na kitenge cha njano. Kalilala siku tatu kwenye kibaraza chake. Kaliondoka na watu asiowajua, siku mbili kabla Kambale hajafika. Hajui kama walielekea Oicha au walirudi Beni.

Masika wetu naye hana jino la mbele. Kitenge cha njano alikinunua Kambale mwenyewe.

Siku mbili. Ni zile nilizompotezea mimi.

Nilitaka anitukane. Hakufanya. Alisema amechoka, atalala kidogo, kisha atafute nauli. Nimemwibia mtu mtoto wake kwa kukimbia na habari nusu. Hakuna namna nyingine ya kuliandika.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Misa ilijaa wakimbizi, tulisimama nje.

Mchana Mzee Saidi akawasha groupe, jenereta yake, kama kila mwaka. Watu wakadai "Baba wa Theluji". Mzee Saidi akaiweka, nadhani hakufikiri. Kambale alikuja, labda kwa sababu nyumbani kuna bibi anayerudia maneno yaleyale. Akakaa mahali pake, akatafsiri kwa sauti ya chini. Hakubadilisha sauti. Mzee, binti, mbwa, wote sauti moja.

Picha ikaruka. Mistari. Ukumbi ukamgeukia kama kawaida.

"Inaishia hapo," akasema.

Kelele. Mwanajeshi mmoja akapiga benchi, akamwamuru kwa Kilingala aimalize: "Sukisa yango, papa!" Wengine wakaanza kudai kituo, kikohozi. Walikuwa wanataka tu Noeli yao. Nikasimama. Mimi niliyempa sifuri kwa mwisho ule, mwisho ule nauweza neno kwa neno. Nilimtazama Kambale nikaona nikisema hata sentensi moja nitamuua. Nikatumia sauti ya darasani: "Imekwisha. Mutoke mustari kwa mustari." Na kweli walitoka mstari kwa mstari, hata yule mwanajeshi.

Nje Kambale akaniambia:

"Mwalimu, ulikuwa na haki. Filamu yenye haina mwisho, hapana weka mbele."

Afadhali angenipiga.

Jumanne, 31 Desemba

Nimeandika orodha. Ya kumi, dada wawili wa Kihindi. Ya tisa, mzee wa nyundo. Naendelea kupanda hivyo mpaka juu. Ya kwanza, "Baba wa Theluji". Niliandika 20/20, nikakaa nikiitazama. Alama hizo sikuipa filamu, nilijipa mwenyewe ili nipate usingizi. Nimezifuta. Karatasi imechanika kidogo pale nilipofuta.

Sikubandika. Mzee Saidi ametuma mtu mara mbili kuuliza. Nimejibu kwamba naumwa. Si uongo sana.

Alhamisi, 2 Januari

Nimemwomba mkurugenzi ruhusa ya wiki moja. Aliuliza kama ni ndugu yangu aliyepatwa na shida. Nikasema ndiyo, ni ndugu. Nilikwenda kwa Kambale nikamwambia nakwenda naye Beni. Alisogeza mzigo wake kwenye baiskeli ili wangu upate nafasi.

Jumamosi, 4 Januari

Beni. Watu kila mahali, makanisani, madarasani, chini ya mabati ya soko. Kwenye mlango wa parokia kuna karatasi za majina ya wanaotafutwa. Mwandiko mbaya kabisa. Mvua imeufuta upande mmoja. Nimehesabu Masika kumi na wawili na sikuweza kujua hata mmoja ni wa nani. Jina tu, kama mimi nilivyoandika ile karatasi yangu ya herufi kubwa.

Niliona haya, kisha nikakasirika. Nikamwendea padri nikamwomba meza.

Jumatatu, 6 Januari

Nimeandika kutwa nzima. Watu wanapanga foleni. Nauliza kila kitu sasa. Kambale wa nani. Kilima gani. Mama anaitwaje, yuko hai. Mtoto alivaa nini, ana kovu wapi, anaogopa nini, anaimba nini. Mwanamke mmoja alianza kulia nilipouliza mtoto anapenda kula nini. Alisema hakuna aliyemuuliza. Mstari mmoja unachukua dakika kumi.

Leo Masika mmoja amepatikana, kwa kovu la kisigino. Si wetu. Nilifurahi kweli, na nilichukia kwamba nimefurahi mbele ya Kambale. Yeye aliwasindikiza mtoto na ndugu zake mpaka barabarani.

Jumatano, 8 Januari

Karatasi zimekwisha. Nilipekua mfuko wangu nikaikuta orodha ya filamu. Nikaigeuza. Upande wa nyuma ni safi, isipokuwa ule mchaniko mdogo.

Ninapanga kwa alfabeti, padri ametaka hivyo ili watu wasome haraka. Leo nilivunja utaratibu. Juu kabisa, mbele ya akina Biira na Kahindo, nimeandika: Masika, miaka saba, binti wa Kambale mtafsiri wa Butembo, mjukuu wa bibi wa Mabalako. Jino la mbele halipo. Kitenge cha njano. Alionekana Mbau. Baba anamtafuta.

Kambale anaondoka leo kwenda Oicha kwa baiskeli. Mimi nabaki mezani. Kabla ya kuondoka alisimama nyuma yangu akasoma, midomo inatembea, kama anavyosoma maneno ya filamu kabla ya kuyasema. Aliona ni ya kwanza. Akauliza kama wino umekauka.

Nikamwambia bado kidogo. Tukangoja pamoja, kisha akaichukua kwa ncha za vidole akaenda kuibandika mlangoni.