Kitufe cha Redio Kilichonasa

Mireille, uko wapi? Usicheke kwanza.

Leo nimemtembeza shangazi Huguette, si unajua amekuja kutoka Montréal. Kiwanda cha mbao, sanamu ya mkata miti, picha mbili, mji umekwisha! Hata saa nne haijafika.

Nikampeleka msituni akaone ziwa. Barabara ya malori unaijua: unabonyeza redio, unataja kilomita uliyopo ili madereva wote wakusikie, unaachia. Nikabonyeza, nikataja ya kumi. Kitufe kikanasa. KIKANASA, Mireille, na mimi sina habari!

Shangazi akaniuliza, “Na wewe mwanangu, utaolewa lini?”

Nikamwaga yote. Kwamba namtaka Réjean wa lile lori jekundu. Kwamba mikono ile ingenibeba kama gogo. Kwamba tatizo lake ni kwamba ni mzito wa kuelewa, nimempikia supu ya njegere msimu mzima na anashukuru tu!

Dakika ishirini. Madereva wote wanasikiliza!

Shangazi ndiye aliyeuliza, “Hiyo taa nyekundu ya redio ni ya nini?”

Nikakibandua kitufe. Halafu sauti ya Réjean redioni, taratibu kama kawaida:

“Kilomita ya thelathini, nashuka na magogo. Mimi ni mzito, lakini nimeelewa.”